Safari na hema kutoka Dar hadi Mbeya: Kambi ijulikane kabla gari halijawashwa

Inapofika saa 11 jioni ndani ya gari lililojaa watoto, mito na masufuria, hutokea mtu akasema: “Tusogee mbele kidogo.” Mara nyingi ni baba aliyeshika usukani, anayehesabu kilomita zilizobaki. Mama aliye pembeni yake anahesabu vitu vingine: wa kati hajala tangu mchana, mdogo amelowa, na jua linakaribia kuzama.

Kwa familia inayokwenda kulala kwa ndugu, ubishi huo huisha kwa simu moja ya kusema “tutachelewa”. Kwa familia iliyobeba hema, jibu lake linaweza kuamua kama watoto watalala mahali penye maji, choo na mlinzi, au kando ya barabara kuu huku malori yakipita usiku kucha.

Safari ya hema ina faida zake. Hema moja kubwa humpunguzia mzazi gharama ya vyumba viwili vya gesti kila usiku, na humpa mtoto nafasi ya kuiona nchi yake kwa ukaribu ambao dirisha la basi halitoi. Lakini inataka mpango, na mpango wenyewe una kanuni moja rahisi kukumbuka: mahali pa kulala ndipo panapopanga safari ya siku. Kilomita zinafuata baadaye.

Hesabu ya barabara na hesabu ya watoto

Chukua mfano wa familia ya baba, mama na watoto watatu wenye umri wa miaka 2, 6 na 11, inayotoka Dar es Salaam kwenda Mbeya likizo ya Juni. Kati ya miji hiyo kuna zaidi ya kilomita 800. Kwenye karatasi, gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa lingefika baada ya saa 10 hivi. Barabarani mambo hayako hivyo. Vijiji vina alama za kilomita 50 kwa saa, malori ya mizigo yanapanda milima taratibu, na mtoto wa miaka miwili haombi ruhusa anapotaka kujisaidia.

Familia yenye watoto wadogo ikadirie wastani wa kilomita 50 kwa saa, vituo vya kula na kunyoosha miguu vikiwemo. Ikiondoka saa 12 asubuhi na kutaka kufika kambini saa 10 jioni, mwisho wake ni kama kilomita 500. Hapo ni Iringa, tena kwa siku ndefu mno kwa mtoto mdogo na kwa dereva mmoja. Dereva anahitaji kupumzika walau dakika 15 kila baada ya saa mbili, na mwenye kusinzia hatibiwi na muziki wala kahawa, anahitaji kulala.

Saa 10 jioni ina sababu yake. Mwezi Juni, jua la njia hii huzama kati ya saa 12 na saa 1 jioni, na giza huingia haraka. Saa mbili za mwanga zinazobaki zina kazi: kukagua ardhi, kupiga hema, kuteka maji, kupika, na kuwaogesha watoto na kuwavalisha nguo za mikono mirefu kabla mbu hawajaanza kazi. Anayefika gizani huyafanya yote hayo kwa tochi moja, watoto wakilia.

Kwa hesabu hiyo, safari ya Mbeya hugawanyika vizuri mara tatu: Dar hadi Mikumi, Mikumi hadi kusini mwa Iringa, kisha hadi Mbeya. Kila kipande kina kilomita kati ya 250 na 300 hivi.

Hema lipigwe wapi

Mzazi ana aina nne za mahali pa kuangalia.

Ya kwanza ni hifadhi za taifa chini ya TANAPA. Hizi zina kambi za umma na kambi maalumu, na majina hayo huwachanganya wengi. Kambi ya umma hutumiwa na makundi kadhaa kwa pamoja, ina choo, na mara nyingi ina maji na kibanda cha kupikia. Kambi maalumu hukodishwa kwa kundi moja, iko mbali na watu na kwa kawaida haina huduma yoyote. Mgeni huenda na maji yake na kila kitu chake. Anayesikia neno “maalumu” anaweza kudhani ndiyo bora kwa watoto. Kwa familia inayoanza, ya umma ndiyo inayofaa.

Malipo ya hifadhi hufanywa kwa namba ya malipo ya serikali au kwa kadi, hivyo mzazi asitegemee fedha za mkononi. Raia wa Afrika Mashariki ana bei yake, tofauti na ya mgeni kutoka nje, kwa hiyo kitambulisho cha taifa kiwe karibu pamoja na vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Walio chini ya miaka mitano hawalipi kiingilio.

Ya pili ni kambi binafsi na mashamba yanayopokea wasafiri. Ya tatu ni vituo na hosteli za taasisi za dini mijini, ambazo mara nyingi zina uzio, mlinzi na choo, na baadhi huruhusu hema uwanjani kwa makubaliano. Ya nne ni hoteli au gesti yenye bustani: mwenye nyumba akiombwa kwa adabu, anaweza kukubali hema na kutoza pesa ya choo na bafu tu.

Ikitokea gari limeharibika kijijini na usiku unaingia, mzazi amtafute mwenyekiti au mtendaji wa kijiji kabla ya kufungua hema. Atawaonyesha mahali salama, na wanakijiji watajua wageni ni akina nani. Kulala kando ya lami, kwenye maegesho ya malori au ukingoni mwa mto si jambo la kufanya na watoto.

Simu moja, maswali saba

Picha za kwenye mtandao zinaweza kuwa za miaka mingi iliyopita. Siku mbili kabla ya kuondoka, mzazi apige simu kwa kila kambi na aulize: Je, mmefungua msimu huu? Maji yapo, na ni ya bomba, kisima au mto? Choo kiko umbali gani kutoka kwenye hema? Kuna uzio na mlinzi wa usiku? Wanyama hupita? Geti hufungwa saa ngapi? Zahanati au hospitali ya karibu iko wapi, na mtandao wa simu unashika?

Majibu yaandikwe kwenye karatasi, kwa sababu simu huzima chaji. Karatasi hiyo iwe pia na jina la kambi ya pili, iliyo nyuma ya ile ya kwanza. Ya nyuma ndiyo muhimu: watoto wakichoka mapema, familia husimama hapo bila ubishi. Wengi huandika kambi ya akiba iliyo mbele, na hiyo haimsaidii mtu aliyechelewa.

Usiku wa kwanza: Mikumi

Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964, iko kama kilomita 280 kutoka Dar es Salaam. Barabara kuu inaikatiza kwa takriban kilomita 50, na msafiri anayepita tu halipi. Anayeingia getini kutembelea au kulala ndiye anayelipa. Kwenye kipande hicho mwendo wa juu ni kilomita 70 kwa saa mchana na 50 usiku, na anayegonga mnyama hutozwa faini. Tembo, twiga na nyati huvuka wanapotaka, sababu nyingine ya kufika mapema.

Kambi za ndani ya hifadhi si za uzio. Wanyama wanaweza kupita karibu na hema usiku, na kwa kawaida hawana shida na hema lililofungwa. Shida huanza mtu anapotoka peke yake gizani. Watoto wawe ndani baada ya chakula, zipu ifungwe hadi mwisho, na poti la mtoto liwekwe ndani ya hema ili asiwepo wa kwenda choo saa 8 usiku. Chakula chote, hata biskuti na maganda ya ndizi, kilale ndani ya gari. Harufu ya chakula ndiyo inayomleta mgeni asiyealikwa, na mchana nyani na ngedere wanajua kufungua mfuko.

Mzazi anayeona moyo wake hautatulia anaweza kulala mji wa Mikumi, nje ya hifadhi, kwenye eneo lenye uzio. Hakuna aibu katika hilo. Mji huo una Hospitali ya Mtakatifu Kizito, jambo jema kulijua wakati wa kuandika ile karatasi.

Familia yenye siku ya ziada inaweza kuacha barabara kuu hapo Mikumi na kushika njia ya Ifakara hadi Mang’ula, lango la Hifadhi ya Milima ya Udzungwa. Huko watu hutembea kwa miguu msituni, na mtoto wa miaka 11 ataipenda njia ya maporomoko ya Sanje, yenye urefu wa mita 170. Wa miaka miwili atabebwa mgongoni.

Usiku wa pili: kupanda Kitonga

Kutoka Mikumi barabara hushuka kwenye joto la Ruaha Mbuyuni, penye mibuyu na vitunguu vinavyouzwa barabarani, kisha hupanda Mlima Kitonga kwa kona kali. Hapo watoto hutapika. Kinachosaidia ni kula kidogo saa moja kabla, kufungua dirisha, kuangalia mbele badala ya simu, na kuwa na mifuko ya plastiki migumu na taulo karibu. Kinachomsaidia dereva ni kukaa nyuma ya lori hadi barabara ifunguke. Dakika 20 zinazopotea Kitonga hazifidiwi kwa kulipita lori konani.

Iringa mjini ni mahali pa kununua chakula na kujaza maji na mafuta. Mbele kidogo, kama kilomita 20 kwenye njia ya Mbeya, kuna Isimila, eneo la zana za kale za mawe ambako watoto hunyoosha miguu kati ya nguzo za udongo zilizochongwa na mmomonyoko. Kama kilomita 50 kutoka Iringa kuna Kisolanza, shamba la zamani kando ya barabara kuu ambalo kwa miaka mingi limepokea wasafiri wa mahema. Kutoka hapo, siku ya tatu ni ya Mafinga, Makambako na Mbeya, ambako familia isiyo na mwenyeji mjini itafute hosteli yenye uzio.

Baridi, na jiko lisiloingia hemani

Hapa kwenye nyanda za juu ndipo penye hatari ambayo familia ya Dar haiizoei. Juni na Julai, usiku wa Mafinga, Makambako na Njombe ni baridi kali. Mtoto anatetemeka, jiko la mkaa lililopikia ugali bado lina moto mwekundu, na wazo la kuliingiza hemani “dakika chache tu lipashe joto” linaonekana la huruma.

Wazo hilo huua. Mkaa unaowaka hutoa hewa ya kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi wala harufu. Ikivutwa, hushika nafasi ya oksijeni kwenye damu. Jiko linaloonekana limefunikwa na majivu bado huitoa. Kufungua zipu kidogo hakutoshi, na watoto huathirika haraka kwa sababu hupumua kwa kasi kuliko watu wazima. Jiko la gesi na jenereta navyo ni hivyo hivyo, na kulala ndani ya gari linalounguruma ili kupata joto kuna hatari ileile.

Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, kutapika na usingizi mzito. Ni rahisi kuzidhania malaria au chakula kilichoharibika. Kinachopaswa kumshtua mzazi ni watu kadhaa wa hema moja kuugua kwa wakati mmoja. Wote watolewe nje kwenye hewa safi mara moja, kisha wapelekwe hospitali hata wakionekana wamepata nafuu.

Joto la mtoto hutafutwa kwa njia nyingine. Baridi nyingi hupanda kutoka ardhini, kwa hiyo kinachowekwa chini ni muhimu kuliko kinachofunikwa juu: turubai, mkeka, kisha godoro la sponji, ndipo blanketi. Mtoto avuliwe nguo alizoshinda nazo, maana zina jasho, avalishwe kavu, soksi na kofia. Chupa ya chai iliyojazwa uji wa moto jioni bado itakuwa na uji wa moto alfajiri.

Anayesafiri Desemba atakutana na mvua badala ya baridi hiyo. Hema lipigwe mahali palipoinuka kidogo, mbali na bonde na mkondo mkavu, na si chini ya mti mkubwa wenye matawi makavu.

Mbu, maji na tumbo

Malaria haifanani njia nzima. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikuta vimelea kwa asilimia 8 ya watoto wa miezi 6 hadi 59 nchini, lakini mikoa ya baridi kama Iringa na Njombe iko chini kabisa, huku maeneo ya joto yakiwa juu zaidi. Kwa hiyo mtoto aliyezaliwa na kukulia nyanda za juu, anaposhuka kulala Mikumi au Mang’ula, hana kinga ambayo mwenzake wa huko ameijenga.

Kabla ya safari, hema lipigwe nyumbani uani na wavu wake ukaguliwe. Tundu dogo hushonwa. Wavu ukiwa mbovu, chandarua chenye dawa kifungwe ndani ya hema. Dawa ya kupaka ya kufukuza mbu isipakwe mikononi mwa mtoto mdogo, maana ataila, na kichanga wa chini ya miezi miwili hapakwi. Yeye ni chandarua tu.

Maji ya kunywa yachemshwe hadi yatokote au yatiwe vidonge vya kutibu maji kwa kufuata maelezo ya pakiti. Dumu la maji ya kunywa liwe tofauti na la kuoshea vyombo, na sabuni ya mkono iwe mlangoni mwa hema. Watoto wasiogelee kwenye mabwawa na mito ya njiani, kwa sababu ya kichocho na mamba.

Kwenye begi la dawa kuwe na pakiti za ORS, vidonge vya zinki, dawa ya homa inayolingana na uzito wa kila mtoto, kipimajoto, bandeji na tochi. Pakiti moja ya kawaida ya ORS huyeyushwa kwenye lita moja ya maji salama. Mtoto anayeharisha na kutapika kila anachopewa, mwenye macho yaliyozama au anayelegea, hasubiri asubuhi. Akiumwa na nyoka, asichanjwe, asifungwe kamba wala kunyonywa jeraha. Atulizwe, mguu au mkono usichezeshwe, na gari lielekee hospitali iliyoandikwa kwenye karatasi. Namba ya dharura ya polisi ni 112.

Baada ya kurudi nyumbani

Hema likishakunjwa, bado kuna kazi moja. Dalili za malaria huanza siku 7 au zaidi baada ya kuumwa na mbu, na zinaweza kuchukua wiki kadhaa. Mtoto akipata homa katika kipindi hicho, asipewe panadoli na kuambiwa amechoka na safari. Apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo apimwe, na mzazi ataje usiku kwa usiku mahali walipolala, kwa sababu mhudumu wa afya wa mji wa baridi huenda asiifikirie malaria haraka. Inayogundulika mapema hutibika kwa dawa mseto. Inayoachwa siku tatu kwa kudhaniwa uchovu ndiyo inayowafikisha watoto wodini.